Mikesha ya sanaa Mwanza na kandokando ya Ziwa: wewe ilikukuta nini? Tupeane uzoefu

Jabali_Pasiansi (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Jana jioni nimekatiza Makoroboi nikamkuta kijana amepanga picha zake juu ya mawe. Kachora kwenye maboksi magumu ya friji, kwa rangi na masizi, kila picha kaiegemeza kwenye mwamba wake, na mbele ya kila moja kaweka koroboi inawaka. Hakuna bango wala kiingilio. Watu wanaoshuka na mizigo wanasimama, wanaangalia, wanaondoka. Mama mmoja muuza ndizi alisimama mbele ya picha moja hadi kijana akamgeuzia ndoo akae. Pale ndipo mafundi wamekuwa wakigonga makopo kuyafanya koroboi tangu sisi wadogo, kwa hiyo kijana alijua anafanya nini na anafanyia wapi.

Nimelala nikiwaza maonyesho na mikesha yote niliyohudhuria mji huu, mizuri na iliyovunjika. Leteni ya kwenu. Maonyesho ya sanaa za sasa, sanaa za jukwaani, ngoma za kucha, iwe Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu, Jinja, popote ziwa linapogusa. Mimi naamini mji wetu una sanaa ya kukesha nayo kabisa. Swali linaloniumiza ni kwa nini ikifika saa sita usiku tunabaki wenye magari na wenye nyumba za jirani tu.

Mama_Kitangiri

Kwa sababu daladala zimelala. Nimemaliza.

DerevaWaUsiku

Nakazia hapo kwa Mama. Mimi naendesha bodaboda, najua. Mtu anatoka kwenye onyesho saa saba usiku anataka Buhongwa, mfukoni ana elfu mbili. Hiyo haitoshi hata mafuta, na mimi narudi mtupu. Waandaaji wanakodi muziki wa milioni, hawakodi hata Hiace mbili za kupeleka watu Igoma na Nyegezi. Wakikodi nitakuwa wa kwanza kufurahi, maana kuna abiria nimewaacha wamekaa barazani wanasubiri kuche, mabinti wadogo kabisa, na sikulala vizuri siku hizo.

Mchoraji_Mabatini

Uzi huu umenigusa. Nina miaka mingi kwenye brashi na mji huu naujua kwa kuta zake. Tunatundika kwenye kumbi za hoteli, kwenye migahawa, kwenye korido za vyuo. Unaambiwa picha isizidi upana wa dirisha, isiwe na huzuni, wateja wanakula.

Usiku nisioweza kuusahau ni ule tuliotandika shuka jeupe kubwa ufukweni ili turushe picha zinazotembea. Mwenzangu alipiga picha za wanawake wanaoanika dagaa, mikono tu, bila sura, kwa miezi mingi. Kazi safi sana. Tukawasha mashine, watu wamekaa kwenye mchanga, kimya. Baada ya robo saa wakaja wale wadudu wa ziwani, wale wadogo wasiouma wanaotoka majini kama moshi. Walifuata mwanga. Shuka likaanza kuwa na madoadoa, likawa kijivu, likawa jeusi. Ile mikono ya akina mama ikawa inatembea nyuma ya pazia la wadudu. Walitujaa mdomoni, kwenye chai, ndani ya mashine. Mwenzangu alikuwa analia. Watoto wa pale ndio waliofurahi, walikwenda na karai za maji kuwakusanya.

Na hata wasingekuja, kibali chetu kilikuwa kimeandikwa mwisho saa sita. Tulikuwa tumeomba hadi alfajiri, tukaeleza kwa maandishi kwamba ni mkesha, ofisi iliyohusika ikatupa saa sita na hakuna aliyetueleza sababu. Baa ya jirani ilipiga muziki hadi saa kumi.

Ushauri wangu: taa ya mkusanyo wekeni mbali, upande wa majini, kali kuliko ya onyesho. Wadudu wataifuata hiyo.

Ng'wana_Magu

Baa hadi saa kumi, picha hadi saa sita. Hapa ndipo napochoka.

Msomi_Malimbe

Mchoraji pole sana kaka. Mimi nawapeleka nje kidogo ya mji. Aliyenifundisha kuangalia sanaa hakuwa mwalimu wa darasani, ilikuwa Bujora, pale Kisesa barabara ya Musoma, wakati wa Bulabo, ile sherehe ya mashindano ya ngoma, mwezi wa sita. Ambao hamjafika, ni kile kituo cha makumbusho ya Wasukuma alichokianzisha Padre David Clement kutoka Kanada. Kuna banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ngoma za watemi zimehifadhiwa humo.

Sasa jambo lililonishika ni hili. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana, hawachezi kwa zamu. Wanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, hawa huku na hawa kule. Anayeamua ni miguu ya watazamaji. Watu wakikukimbia kwenda kwa mwenzako umeshindwa, na kila mtu anaona umeshindwa. Nilikuwa nimesimama kwa Bagalu, wanarusha majembe ya bugobogobo juu na kuyadaka bila kukosea pigo la ngoma, nikajiambia sitoki hapa. Ghafla upande wa pili mzee akatoka na chatu shingoni, umati wote ukageuka, na mimi nikajikuta nakimbia pamoja nao. Bagalu hawakulalamika. Wakashusha mdundo, wakaanza kitu cha polepole mno, na baada ya muda watu wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Mashindano ni ya mchana, lakini sisi tulilala kwa ndugu pale Kisesa na usiku kucha ulisikia vikundi vikipasha ngoma moto na kujaribu nyimbo. Hakuna aliyelala, na hakuna aliyelalamika kwamba hakulala. Kwangu huo ndio mkesha wa sanaa.

Kaka_Sinza

Mkuu, hongera kwa simulizi, ila umetoka nje ya mada. Hiyo ni ngoma ya asili. Mleta uzi kasema sanaa za sasa. Sanaa ya sasa ina msanii mwenye jina lake, ana wazo lake, kaandika maelezo ukutani, unaweza ukabishana naye. Njooni Dar, Nafasi Art Space pale Mikocheni wanafanya haya mambo tangu 2008. Mwanza bado.

Ng'wana_Magu

Mtu wa Dar hajawahi kuukuta uzi wa Mwanza akaupita.

Msomi_Malimbe

Kaka Sinza, nakujibu kwa heshima. Mwaka 2022 Uganda ilipeleka banda lake la kwanza kwenye maonyesho makubwa ya Venice, yale ambayo nchi zinashindana, ikatunukiwa kutajwa kwa heshima mara ya kwanza tu. Wasanii walikuwa wawili, Collin Sekajugo na Acaye Kerunen. Kerunen kazi zake zimesukwa na kufumwa, pamoja na wanawake wasusi wa vijijini, kwa malighafi hizi hizi tunazokalia jioni: nyuzi za migomba, magome ya miti, majani. Sisi banda letu la kwanza pale lilikuja 2024. Kwa hiyo ukiniambia ususi na ngoma si sanaa ya sasa, unaongea na mimi au unaongea na Venice?

Kaka_Sinza

Hapo kwa Kerunen nimekuelewa kabisa. Lakini ona, yeye jina lake tunalo. Wale wasusi majina yao yako wapi? Wewe mwenyewe umeandika "wanawake wasusi". Mzee wa chatu naye hujamtaja jina. Ndiyo hoja yangu. Nataka tuwaandike.

Mama_Kitangiri

Kaka, hili la majina umeuliza la maana. Bibi yangu alisuka vikapu hadi vidole vikapinda, na vilivyouzwa kwa watalii havikuwa na jina lake hata kimoja.

Nyakato_Ughaibuni

Habari za nyumbani. Mimi ni mtoto wa Nyakato, niko Ufaransa kimasomo, nina la kuchangia kuhusu usafiri maana naona limeanza vizuri likaachwa.

Paris wana usiku mmoja kwa mwaka wanauita Nuit Blanche. Ulianza Oktoba 2002 chini ya meya Bertrand Delanoë. Makumbusho, makanisa, mabwawa ya kuogelea, ofisi za umma, vyote vinafunguliwa usiku na wasanii wa sasa wanaweka kazi zao humo. Hakuna kiingilio. Usiku ule wa kwanza kabisa walifungua hadi jumba la jiji, na meya akachomwa kisu humo humo katikati ya watu. Alikimbizwa hospitali, akaagiza shughuli isisimame. Na mwaka uliofuata wakafanya tena, milango wazi. Miji mingine ikafuata, Toronto kwa mfano ilianza 2006.

Kinachonigusa ni kwamba jiji lilikaa likafikiria mtu anarudije kwake. Baadhi ya njia za treni za chini zilikesha usiku huo. Nilimkuta bibi wa makamo ya mama yangu, saa nane usiku, kanisani, kavaa kandambili, anaangalia nyuzi za mwanga zilizoshuka kutoka darini. Alikuwa ametoka kwake kitongoji cha mbali na alijua atarudi. Nilimwangalia nikawaza akina mama wa Igogo na Bugarika, ambao ziwa wanaliona dirishani na hawajawahi kukaa ufukweni usiku bila kuwa na kazi.

Mama_Kitangiri

Mmesikia? Treni zinakesha. Nilisema mstari mmoja tu asubuhi mkaona Mama anarahisisha.

Furu_wa_Mwisho

Nimesoma tangu juzi bila kuandika. Mchoraji alipotaja mwanga na wadudu moyo ukanienda mbio, nikasema leo nalitoa.

Mimi ni mchezaji. Kikundi chetu kilialikwa kwenye mkesha wa sanaa mwalo mmoja upande wa Ilemela. Waandaaji sitawataja, wenyewe wanajijua. Palikuwa na fundi mmoja, fundi hasa, alikuwa ametengeneza sangara mkubwa juu ya mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa mbao. Mbavu za mianzi, ngozi ya nyavu zilizochakaa, magamba ya vizibo vya chupa, maelfu ya vizibo. Ndani ya tumbo kaweka taa za sola zile za wavuvi wa dagaa. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunacheza humo tumboni, vivuli vyetu vinaonekana kwenye ngozi ya nyavu kutoka ufukweni. Sisi tulikuwa furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Mnajua habari ya furu na sangara. Sangara kaletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, furu wa aina mamia wakatoweka. Basi mchezo wetu ulikuwa huo, furu wawili waliomezwa ambao bado wanacheza.

Watu walikuwa wengi. Sangara alikuwa majini, hatua kama thelathini, kafungwa kwa kamba kwenye jiwe la ufukweni. Tulicheza mara ya kwanza saa tatu usiku, mara ya pili saa sita, ya tatu ilikuwa saa tisa. Hiyo ya tatu upepo ulikuwa umebadilika, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kamba ilikuwa inasuguana na ukingo wa jiwe kila wimbi. Maboya ya kujiokolea yalikuwepo. Yalikuwa kwenye gunia, ufukweni, nyuma ya spika.

Nilijua kamba imekatika kwa sababu muziki ulianza kupungua sauti. Nikadhani wamepunguza. Nikachungulia kwenye tundu la jicho la sangara nikaona taa za ufukwe zimekuwa ndogo. Nikapiga kelele. Mwenzangu akapiga kelele. Na wao wakaanza kupiga makofi.

Walidhani ndio mchezo. Sangara anaondoka na furu wake kwenda kilindini, amewaka mwili mzima, na wale wawili ndani wanarusha mikono. Simu zikawaka ufukwe wote. Nilisikia vigelegele. Wapo waliokuwa wanaimba. Kadiri tulivyopiga kelele ndivyo walivyoshangilia. Nimecheza miaka mingi na makofi nayapenda, nasema kweli, lakini makofi yale hadi leo yananijia nikiwa jikoni, kwenye daladala, popote. Usiku ule ndio nilifahamu kwamba mtu anaweza kukuangalia kwa macho yake yote na asikuone.

Mwenzangu hajui kuogelea. Maji yalianza kuingia mtumbwi wa kushoto kwa sababu mbao za kuunganisha zilikuwa zinavutana. Upande wa Ukerewe radi inamulika bila sauti. Mwenzangu akasema tuzime taa, tutunze betri. Nikamkatalia. Ilikuwa giza la mwezi, na mbele yetu mbali niliona mstari wa taa za dagaa. Nikamwambia sisi sasa hivi ndio taa kubwa kuliko zote ziwani, lazima kuna mtu anashangaa. Tukakomba maji kwa sufuria lililokuwa limebeba betri, na tukaendelea kutikisa ile ngozi ya nyavu.

Alikuja mzee mmoja na vijana watatu. Injini wakaizima mbali, wakaja kwa makasia, polepole mno. Yule mzee akasimama na kasia mkononi, akatuuliza kwa Kisukuma: "Ninyi ni watu?"

Nilimjibu kwa jina la baba yangu na mtaa tunaokaa. Nilitaja hadi msikiti wa jirani. Ndipo akarusha kamba.

Alipoteza dagaa wake wa saa ile. Wale huja kwa mwanga, ukiondoa taa umewatawanya. Alituvuta hadi ufukweni, mkia wa sangara ukang'oka njiani ukazama. Tulipofika makofi yalikuwa makubwa zaidi. Mzee akauliza wanapiga makofi ya nini. Mwenzangu alikuwa hawezi kusimama. Ndipo watu wakaanza kuelewa, mmoja mmoja, na kelele zikafa.

Yule mzee kabla hajaondoka aliingiza kichwa ndani ya tumbo la sangara akaangalia. Akauliza mlikuwa mnafanya nini humu. Nikamwambia tulikuwa furu. Akakaa kwenye mchanga. Akaanza kuwaeleza wale vijana wake furu wa utotoni kwake, yule mwenye tumbo jekundu, yule wa mawe, yule bibi yake aliyewakausha kwa moshi, nani aliliwa na ugali na nani alipewa mgonjwa. Watu wakasogea, wakakaa. Waandaaji walizima spika wenyewe bila kuambiwa. Katika mkesha wote ule, hapo ndipo nilipoona sanaa na watu wake wamekutana.

Petroli yake tulimchangia sisi wachezaji. Kwa waandaaji bado tunafuatilia malipo yetu.

DerevaWaUsiku

Dada nimeegesha pikipiki kusoma hii. Mwenzako anaendeleaje?

Mchoraji_Mabatini

"Ninyi ni watu?" Nimesisimka.

Mtoto_wa_Igoma

Hii chai. Kamba ikatike, watu mia waone, asielewe hata mmoja? Na mitumbwi miwili imeunganishwa isipinduke kwenye upepo?

Furu_wa_Mwisho

Mtoto wa Igoma, kuamini au kutoamini ni kwako. Dereva, asante. Mwenzangu yuko vizuri, amerudi kucheza lakini nchi kavu tu. Boti hapandi, hata ya kwenda Ukerewe kwa shangazi yake.

Karabai_Mzee

Wanangu, salaam. Mimi nimevua dagaa maisha yangu yote, siku hizi natengeneza mitumbwi. Aliyesema ni chai nimwelekeze. Mchana upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi kavu ikipoa unageuka, unatoka kwetu kwenda ziwani, na mawingu yanakusanyika katikati ya maji usiku hadi alfajiri. Ndio maana dhoruba mbaya zinatukuta saa hizo. Kitu chenye mwili mkubwa wa nyavu na mianzi kinashika upepo, hakihitaji tanga. Na mitumbwi miwili iliyounganishwa haipinduki upesi, inachanika katikati. Binti kasema mbao zilikuwa zinavutana. Mtu asiyepanda haweki neno hilo.

Jambo la pili. Sisi wa dagaa tunafuata giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaji kwenye taa, tunashinda mwaloni, tunashona nyavu, tunacheza bao. Mikesha yenu mnaipanga kwenye giza ili taa zenu zipendeze, sisi tuko majini. Miaka yote hii nimeona taa za ufukweni kutoka ziwani nikasema wale wanafanya nini. Sijawahi kualikwa siku ambayo ningeweza kuja. Fanyeni mbalamwezi.

Jabali_Pasiansi

Mzee, shikamoo. Hili halijawahi kunipita kichwani, na nadhani umejibu swali langu kuliko sisi wote. Watu wanaojua kukesha kuliko wote mji huu tumekuwa tukiwawekea sherehe siku wakiwa kazini.

Mchoraji_Mabatini

Shikamoo mzee. Lakini mbalamwezi itaniua mimi. Picha za kurusha ukutani zinataka giza, mwezi mpevu juu ya maji ni taa ya pili. Kazi ya mwaka mzima itakuwa ukungu.

Msomi_Malimbe

Weka ndani ya chumba.

Mchoraji_Mabatini

Chumba kipi? Nimeandika hapo juu tunapewa korido.

Mtoto_wa_Igoma

Nimemsoma mzee, nimemwelewa, chai naifuta, dada pole. Ila nasimama na giza. Angalieni, ule usiku kama ungekuwa mbalamwezi yule mvuvi angekuwa kalala kwake Igombe. Giza ndilo lililomwokoa.

Karabai_Mzee

Kama ungekuwa mbalamwezi mvuvi angekuwa amekaa pale pale mchangani, na angeishika ile kamba kabla haijakatika. Angeiona ilivyofungwa angeifungua saa tatu ile ile.

Ng'wana_Magu

Mzee kamaliza kesi.

Jinja_Kwetu

Naingia kutoka ng'ambo. Jinja tuna tamasha la muziki la Nyege Nyege tangu 2015, siku nne mchana na usiku. Singeli ya Dar mimi niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa kwenye matope ya pale, vijana wa Manzese na Tandale wanapigia watu waliotoka dunia nzima, mdundo wa kasi hadi magoti yanagoma, na Mtanzania mmoja pembeni yangu analia kwa furaha. 2018 waziri wa maadili alipiga marufuku, serikali ikabadilisha. 2022 likazuka tena bungeni, likaruhusiwa kwa masharti. Kwa hiyo habari ya vibali si yenu peke yenu. Wenzetu wa Kampala nao 2014 kwenye tamasha la sanaa la KLA ART waligeuza bodaboda kuwa kazi za sanaa zikatembea mjini. Hapo hakuna mtu wa kuuliza anarudije.

DerevaWaUsiku

Bodaboda kuwa onyesho? Hii naitaka. Kijiwe chetu tuko watu wa kutosha. Picha ikae juu ya pikipiki, mwanga wa betri, tunapita Mabatini, Igogo, Mirongo, tunasimama kila mtaa. Mama wa Bugarika anatoka mlangoni kwake na kanga yake anaangalia, harudi popote kwa sababu hajaondoka.

Mama_Kitangiri

Sasa hapo umesema neno mwanangu. Lakini na ufukweni nataka kufika.

Haya_Mjini

Ushauri wangu: msiombe kibali cha mkesha. Ombeni cha maonyesho ya mchana na cha sala ya usiku.

Mchoraji_Mabatini

Haya, usitufundishe kudanganya, tutafungiwa wote. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, kisha afisa utamaduni. Kama ni mwaloni, kaa na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kwanza kabla ya yeyote, wao ndio wenye mwalo.

Kaka_Sinza

Na majina. Naomba lisipotee. Kila kazi iandikwe aliyesuka, aliyegonga bati, aliyefunga kamba. Mimi nitakuja kutoka Dar kwa gharama zangu kuandika hayo maelezo.

Ng'wana_Magu

Karibu kaka. Yale ya jana nimeyafuta moyoni.

Furu_wa_Mwisho

Mimi nacheza, mbalamwezi, miguu mchangani. Sangara yupo kwa fundi, hana mkia. Nyavu zilizochakaa zinatakiwa, mwenye nazo aseme. Na maboya yavaliwe, yasikae kwenye gunia.

Karabai_Mzee

Nyavu ninazo. Kamba nitafunga mimi.

Mtoto_wa_Igoma

Nina jenereta. Petroli mchange.

Mama_Kitangiri

Hiace je? Nani anakodi Hiace? Nauliza kwa mara ya tatu.